Nyumba Yenye Matumbo Mawili

Jumapili, 2 Agosti 1992

Misa, soko, gauni tatu za wateja kupiga pasi. Kisha mashua. Ya pili wiki hii. Gaspard hachoki.

Ya leo ni ya mwalimu mzungu anayerudi kwao. Imekaa juu ya matofali nyuma ya nyumba yake, milima kwa milima kutoka kwenye maji. Matumbo mawili meupe, membamba, katikati wavu. Katamarani, ndivyo wanavyoiita. Nilibaki mdomo wazi, sikatai. Ila nilipoingia kwenye tumbo moja nyonga zilikwama, Gaspard akanivuta kwa mikono miwili. Mle hulali, unajipaki. Na bei ni ya matusi.

Ya Alhamisi ilikuwa ya mapipa, kaiunga mchomeleaji wa hapa hapa Kimisagara. Rahisi, pana. Gaspard akaigonga na spana, akatikisa kichwa. Kutu mpaka ndani.

Amepata kazi Kibuye, ziwani, fundi wa injini za maboti. Anaanza mwezi huu huu. Nyumba hawampi. Akiba yetu inafika kwenye mashua ya mtumba, kwenye nyumba haifiki. Yeye kakulia Kivu upande wa Zaire, kwake kulala juu ya maji ni jambo la kawaida. Mimi ni mtoto wa Tabora, maji ya kisima. Ziwa kubwa sijawahi kuliona. Ziwa Muhazi nililiona mara moja dirishani mwa basi, nikadhani ni mto.

Nimemwambia wazi. Nitajaribu. Ikinishinda narudi kwa mama, anayekaa sasa hapa Kigali, Kagarama, yeye abaki na maji yake. Binti yetu Aline kaolewa Bujumbura, tumebaki wawili tu, na hata hao wawili sasa sina uhakika nao.

Jumanne, 4 Agosti

Kagarama. Mama mmoja mjane, jirani wa mama yangu, alitufungulia banda. Kuku wakatoka kwanza. Kisha macho yakazoea giza nikaiona.

Mbao tupu, kila kipande kimekatwa kwa mkono. Matumbo mawili marefu, juu jukwaa, juu ya jukwaa kibanda ambacho mtu anasimama wima. Mume wake aliijenga miaka na miaka, kila jioni baada ya kazi. Alikufa haijagusa maji. Haijayagusa mpaka leo. Mtu anakaa juu ya mlima, ziwa halionekani, maji ya kunywa yenyewe yanabebwa kichwani, naye anajenga mashua. Na hakuikosea popote. Sijui mashua, lakini mshono najua, na ule ni mshono wa mtu aliyependa kitambaa chake.

Gaspard alichokonoa na kisu kila pembe, saa nzima. Mbao nzima. Mimi nikajilaza kwenye tumbo la kushoto. Nikageuka. Nikageuka tena. Nafasi ipo.

"Njo wewe utalala ndani," akasema, na kwao Kivu njo ni ndiye. "Njo wewe useme."

Nikasema hii. Mjane akalia kidogo, akatupatia na kuku mmoja.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimechoka hoi na sikubeba hata ubao. Wameifungua vipande. Lori limefika mpaka lami inapoishia. Kutoka pale hadi uani kwetu, chini bondeni, vichochoroni, imebebwa mabegani na wanaume wa chama chetu cha ingobyi, wale wale wanaowabeba wagonjwa kwenye machela hadi hospitali. Mwendo wao ule ule, hatua moja, sauti moja.

Njia nzima watu walisimama na kuvua kofia. Walidhani ni jeneza. Kitu kirefu hivyo, kinabebwa kimya hivyo. Mzee mmoja akafanya ishara ya msalaba na kuniuliza marehemu alikuwa mrefu kiasi gani. Nilicheka hadi nikaona aibu.

Jumatatu, 10 Agosti

Imesimama uani. Mwenye nyumba keshapata mpangaji mwingine, hivyo tumehamia ndani ya mashua hapa hapa nchi kavu. Gaspard yuko gereji kutwa anamalizia kazi za watu. Kupanga vyombo ni juu yangu.

Mama kaja kutoka Kagarama. Hakuuliza inaelea vipi. Aliuliza mgeni atakaa wapi. Swali la haki. Nyumba gani haina saluni ya kukalisha wageni? Basi tumbo la kulia nimeliachia wageni. Mkeka, vitambaa vya kufuma, viti viwili vidogo, picha ya Bikira Maria. Hakuna kingine humo. Tumbo la kushoto ndilo letu: kitanda, cherehani ya miguu, gunia la maharage, makaa, mbabura ya kupikia, masufuria, sanduku la spana la Gaspard. Linabana, lakini saluni yangu inapendeza. Mama kaikagua, kanyamaza. Kwake hiyo ndiyo sifa.

Ijumaa, 14 Agosti

Majirani wamekuja kuitaha mashua, yaani kuizindua, kama inavyotahwa nyumba mpya. Pombe ya mtama, mirija, nyimbo. Tumewakalisha saluni kwa zamu. Mama Zawadi, jirani wa mlango wa tatu, kauliza padri katuambia nini ambacho wao hawajaambiwa, maana anaona tumeshaingia safinani. Watu hawana mbavu.

Nimelala vizuri kila usiku tangu tuingie. Naandika hivyo kwa hasira kidogo. Nilitaka inishinde mapema.

Jumatano, 19 Agosti

Lori la kwenda Kibuye, tangu alfajiri. Vizuizi vya vita barabarani, kimoja baada ya kingine. Kile cha baada ya Gitarama ndicho kilichotushika. Askari wakasoma vitambulisho vyetu, wakavirudia. Wakatushusha. Wakapanda juu ya mizigo na bunduki, wakagonga mbao, tumbo hili, tumbo lile. Siku hizi kitu kisichoeleweka ni kitu kibaya. Mkubwa wao akauliza inabeba nini. Gaspard akasema inabeba bibi yake. Nilitamani kumfinya. Yule askari akachungulia ndani, akaviona vitambaa vya kufuma ambavyo sikutaka kuving'oa, akatazama milima mikavu pande zote.

"Na maji iko wapi?"

Gaspard akanyoosha kidole magharibi. Wakatupisha. Hakuna aliyecheka, sisi wala wao.

Baada ya hapo vumbi na kona, vumbi na kona. Kisha kona moja, na chini yake ziwa.

Sikuwa tayari. Nilidhani nitaona maji. Nimeona kitu ambacho ng'ambo yake imemezwa na ukungu, visiwa vimekaa ndani kama vimesahauliwa, mbingu imeanguka chini nzima. Nikamwomba dereva asimame. Nikashuka, nikakaa kwenye jiwe. Nilimwogopa Mungu kwa namna ambayo kanisani sijawahi.

Alhamisi, 20 Agosti

Asubuhi wameunganisha, wakaisukuma majini. Wanaume kumi na mashati yameloa. Ikaingia, ikakaa. Gaspard akaniambia niguse. Nikaweka kidole kimoja, ikasogea. Kitu kilichoumiza mabega ya Kimisagara nzima kinasogea kwa kidole changu. Nikakitoa kidole nikakitazama. Nikamkumbuka yule marehemu wa Kagarama, nikasema kwa sauti kwamba inaelea. Sijui nilikuwa namwambia nani.

Gaspard akaitwa kazini kuripoti. Kaniambia nimsubiri kupakia. Sikumsubiri. Nyumba ni yangu, mpangilio naujua. Nikapakia kama kule uani, kila kitu mahali pake. Cherehani, gunia, makaa, sanduku. Saluni nikaitandika.

Kikombe cha kwanza kiliteleza nikadhani ni upepo. Kisha masufuria. Kisha Bikira Maria akaning'inia mbali na ukuta. Upande wa kushoto umezama mpaka dirisha la jiko linakunywa maji, saluni iko juu hewani. Nikapiga kelele. Wavuvi wakaruka ndani, wakarusha gunia ufukweni. Makaa yameloa, maharage yameloa, kitanda kimeloa.

Gaspard alipofika alitazama mara moja tu. Haiko nyumba, kasema, iko mizani.

Nilipandwa na hasira, sina haja ya kuficha. Nikamwambia lori linarudi Kigali Jumamosi saa mbili asubuhi, na kiti cha mbele ni changu.

Ijumaa, 21 Agosti

Sisemi naye. Naye anakausha maharage kwenye turubai.

Alfajiri wavuvi wa sambaza, dagaa wa huku, wamerudi wakiimba. Mitumbwi yao imefungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu. Mmoja akatunyooshea kidole Gaspard na mimi, akauliza tumbo letu la tatu limepotelea wapi. Nikacheka kabla sijakumbuka kwamba nimenuna.

Jioni nimeingia saluni. Nikakunja mkeka. Sanduku la spana likahamia pale. Cherehani. Nusu ya makaa. Kila kitu kikihamia, sakafu ilinyooka chini ya nyayo zangu, taratibu, kama mtu anayeshusha pumzi. Nilihamisha hadi kikombe kikatulia. Mgeni akija atakaa juu ya gunia, na mama akija atakaa juu ya gunia. Nimeona aibu. Nimeona pia kwamba naishi juu ya kitu kinachojua uzito wangu. Nilihama upande mmoja, kikaniambia. Nikarudi, kikaniambia.

Gaspard kapika.

Kiti cha lori sijakikataa bado.

Jumamosi, 22 Agosti

Nimeamka jua limeshatoka. Kitanda kikavu. Gaspard ameenda kazini na kimtumbwi.

Jana nilipolala mlango ulitazama ufukweni, barabarani, kwenye lori. Leo nimeufungua nikakuta kisiwa. Upepo ulitugeuza usiku, kamba ya nanga ni moja tu. Miaka yote mlango wangu umetazama ukuta wa jirani.

Nikawasha mbabura. Chai. Nikakaa mlangoni na kikombe, kisiwa kikawa kinasogea pole pole mpaka ikaja milima ya Zaire, bluu, mmoja nyuma ya mwingine.

Ufukwe uliporudi mlangoni, lori halikuwepo. Sikulisikia likiondoka. Nimeosha kikombe.