Kipimo Kinasema Binti Yangu Hana Kinga ya Surua, na Mimi Ndiye Niliyemuuguza

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usichelewe kunijibu maana nyumba yangu haikaliki. Mimi ni fundi cherehani, mjane, nimelea mtoto mmoja wa kike kwa mashine hii hii ninayoiegemea nikikuandikia, na mtoto huyo, asikudanganye mtu, ni muuguzi, kamaliza chuo, kapata kazi wodi ya watoto kwenye hospitali kubwa, na sare zake nimezishona mwenyewe, nikazitundika mlangoni, kila mteja akiingia namwambia taratibu hapo, hizo ni za muuguzi.

Sasa hospitali hiyo, kabla mtu hajaanza kazi, inampima damu ione kama mwili wake una kinga ya surua, mimi nikacheka, nikamwambia mwanangu hapo wanapoteza sindano yao bure, wewe surua uliumwa ukiwa unatambaa, nilikuuguza mimi kwa mikono hii, vipele mwili mzima, unachemka kama pasi, na ndiyo maana chanjo yenyewe sikukupeleka, aliyekwisha kuumwa achanjwe ya nini? Basi majibu yametoka, eti hana kinga, eti achanjwe kwanza ndipo aingie wodini. Mshauri, yaani mimi niambiwe hivyo! Mtaa mzima wananiita Daktari wa Vipele, mtoto akitokwa na vipele mama yake anambeba mpaka kwenye cherehani yangu, namgeuza mgongo, natazama, nasema hivi vya joto, hii surua, mwache itapita, na sijawahi kubishiwa na mtu, leo kichupa cha damu ndicho kinibishie? Nimemwambia akatae chanjo, adai kupimwa upya, hao wamechanganya damu za watu. Naye ananijibu kwa upole, "Mama, siwezi kuingia kwa watoto wa watu bila uhakika." Jana kazitoa sare mlangoni, kazikunja, kaziweka sandukuni, na tangu hapo hatusemezani. Nimfanyeje mtoto huyu anishikie heshima yangu?

Daktari wa Vipele

*

Daktari wa Vipele, hongera kwanza. Mashine moja, mama mmoja, na muuguzi kapatikana. Si mchezo, na hizo sare hata mimi ningezitundika mlangoni. Haya, sasa kaa nikugombeze.

Hakuna aliyesema hukumuuguza mwanao. Ulihangaika naye, homa ilikuwa homa na vipele vilikuwa vipele. Ila vipele vya surua vinafanana na vya magonjwa mengine chungu nzima, hata daktari wa kweli hukosea akitegemea macho peke yake. Kile kipimo hakiangalii vipele. Kinatafuta kwenye damu kinga ambayo surua au chanjo ingeiacha mwilini, na kwa binti yako hakikuiona. Wewe ni fundi. Mteja akikwambia "nikisie tu, mama, usinipime", unakata kitambaa chake? Thubutu!

Na huko kupimwa upya ni kwa faida ya nani? Kama wewe ndiye uliye sahihi na kinga anayo, chanjo haitamdhuru. Kama ulikosea, itamlinda yeye pamoja na vichanga wa wodi hiyo ambao umri wao wa kuchanjwa haujafika. Ahakikishe tu hana mimba, maana mjamzito hapewi chanjo hii, kisha amalize sindano zote atakazopangiwa.

Lakini mama, umeniandikia heshima yako juu mpaka chini, na jambo zito umelipita mbio. Hao watoto wa mtaani uliowaambia mama zao "hii surua, itapita", ni wangapi nao hawakupelekwa chanjo kwa sababu Daktari wa Vipele kasema wameshaumwa? Niliposoma hapo niliweka kikombe cha chai chini. Binti yako kapata hospitali ya kumpima. Wale wana neno lako tu. Na surua inaua watoto, haiambiwi itapita.

Kwa hiyo kesho funga cherehani. Pita nyumba kwa nyumba, waambie akina mama ulikuwa unakisia, wachukue kadi za watoto waende kliniki wakaulize kuhusu chanjo. Mtoto akiwa na homa na vipele, apelekwe kliniki siku hiyo hiyo, asiletwe kwako. Utaona haya kwenye mlango wa kwanza, halafu utazoea. Mtaa uliokuamini kwa vipele utakuamini na kwa hili.

Umeuliza umfanyeje akushikie heshima. Jamani, mbona anaishika! Kakua anakuona unakataa kukata nguo kwa kukisia, na leo yeye kakataa kuingia wodini kwa kukisia. Hiyo tabia kaitoa wapi kama si kwako?

Zitoe sare sandukuni, zipige pasi, umsindikize kwenye sindano yake. Na mkiwa kwenye foleni, ruhusa nakupa mimi: mwambie kila mtu kwamba yule ni muuguzi, na ni wako.