Paa, Saluki na Kura za Kaka Yangu

Jumatano, mjini Ibra. Tangu asubuhi vumbi limeufunga mji, na roho yangu imefungika nalo.

Kaka yangu Suleiman anagombea Majlisi ya Shura, bunge letu la ushauri. Leo baada ya alasiri wapiga kura walijaa barazani kwetu, na wengi hawakuja kuulizia barabara wala maji. Walikuja kwa ajili ya mbwa. Wanataka mjumbe atakayewaombea ruhusa ya kuwinda paa kwa saluki, wale mbwa wembamba wa mbio, kama walivyowinda babu zao. Sheria imekataza. Wao wanasema sheria imewanyang'anya asili yao.

Suleiman alikuwa na jibu lake tayari: tutalitazama. Jibu la mgombea, halimkubalii mtu wala halimkatalii.

Mimi na mama tulikuwa chumba cha pili tukipanga vikombe vya kahawa, mlango wazi. Nikamsikia mzee mmoja, mfugaji wa saluki anayeheshimika sana, akieleza kwa upole kwamba hawatachinja. Mbwa atamkimbiza paa, atamkamata, kisha paa ataachiwa. Ubaya uko wapi? Halafu akasema humu ndani mna daktari wa wanyama, dada wa mgombea mwenyewe. Na aulizwe.

Mama alinishika mkono. "Mwanangu, sema utakalosema, lakini mkumbuke kakako."

Nilimkumbuka. Wallahi nilimkumbuka.

Nilisimama mlangoni. Suleiman hakunitazama. Nikawaeleza, kwa Kiarabu, si kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, habari ya paa jike niliyeletewa kliniki majira ya baridi yaliyopita. Alikimbizwa na mbwa, lakini hakuwa na jeraha hata moja. Alisimama, akanywa maji, nikafurahi. Kesho yake miguu ikakataa, mkojo ukawa mweusi kama kahawa, akafa mikononi mwangu. Hofu na mbio humuunguza paa misuli kwa ndani.

"Mnapomwachia," nikasema, "huenda mmeshamuua."

Kijana mmoja akanung'unika kwamba watu wa jangwani hawafundishwi jangwa na mwanamke wa mjini. Mzee akamnyamazisha, kisha akaniuliza kama mbwa mwitu naye hamkimbizi paa. Swali lake nimeondoka nalo. Mpaka sasa nalifikiria.

Ndipo wakamgeukia Suleiman. Hawakutaka tena "tutalitazama". Walitaka ndiyo au hapana.

Alikizungusha kikombe chake mkononi.

"Hapana," alisema. "Sitaliomba."

Mzee akaweka kikombe chini, akamshukuru kwa kahawa, akaaga kwa adabu zote. Karibu nusu ya baraza ikainuka nyuma yake. Wangetukana, ingeniuma zaidi ya hapa? Sidhani. Adabu ile ilikata.

Wageni walipokwisha kuondoka, Suleiman alibaki mlangoni, mgongo kwangu.

"Ungeweza kusema hujui, Salma."

"Ningeweza."

"Na mie ningeweza kukukana."

Akaingia chumbani kwake.

Kura zinapigwa wiki ijayo. Mama hasemi na mimi wala na yeye. Akishindwa, mji mzima utajua ni nani aliyemwangusha, nami sitabisha.

Lakini sijapata kumwonea fahari kaka yangu kama leo. Yuko chumba cha pili tu, taa yake inawaka, nasikia anakohoa.

Nangoja nini kwenda kumwambia?