Mistari Ambayo Sikuisafisha

Kolwezi, Dilala
Tarehe 22 Septemba 1957

Mdogo wangu Ndaya, mwana wa mama,

"Mchoro wenye mistari isiyosafishwa ni kama shati lisilopigwa pasi: unatuonyesha mvivu, hautuonyeshi msanii." Maneno hayo ameyaandika Badibanga katika gazeti la chama chetu cha makarani, ukurasa wa pili, na chini yake ameweka jina lake lote pamoja na cheo, asije mtu akamnyang'anya sifa. Nilikusudia kumjibu kwa kurasa nne. Nilianza, nikafika katikati ya ukurasa wa tatu, jibu likanigeuka mkononi. Ndiyo maana leo nakuandikia wewe, siliandikii gazeti.

Lakini salamu kwanza, nisije nikaonekana sikulelewa. Hujambo huko Bukama? Ile homa ya Julai imekuacha? Na mama mkwe wako, miguu yake inamruhusu kufika kanisani? Sisi huku wazima. Valérie anakusalimu sana. Alikutumia kitambaa kwa mkono wa mtu wa treni. Kilikuwa yadi sita, na kama zimefika tano niandikie, maana yule bwana namjua.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu ya sasa ni ipi hasa, nami nikakujibu kwa mzaha kwamba padri ananilipa nichezee kalamu kama mtoto. Leo nitakujibu vizuri, kwa sababu usipoielewa kazi hutaelewa yanayofuata.

Misheni ina chumba cha sinema. Padri Anselme alileta kamera kutoka Ulaya, ameifunga juu ya meza, inatazama chini. Sisi tunachora mtu kwenye karatasi. Kisha tunaweka karatasi nyingine juu yake, kwenye kioo chenye taa chini, tunamchora mtu yuleyule akiwa amesogea kidogo tu. Michoro kumi na miwili kwa kila sekunde. Kamera inaipiga picha mmoja mmoja, na mashine inapoizungusha mtu anatembea. Kwa desturi, michoro ya kalamu haionyeshwi. Anapewa Badibanga, naye anaifuatisha kwa wino juu ya seluloidi, zile karatasi zinazopitisha nuru. Penye mistari mitano iliyokuwa ikilitafuta bega, anaacha mmoja. Huko ndiko kusafisha. Badibanga ni hodari wa kazi hiyo, sikatai. Ni mtu anayepiga pasi hata soksi.

Kwa filamu ya mwaka huu nilikataa. Nilimwambia padri kwamba mistari yangu iende kwenye shuka, lile jeupe tunaloonyeshea filamu, kama ilivyo, ya kalamu, pamoja na kutafuta kwake. Walisema sijui kumaliza kazi. Uwongo! Bega la mstari mmoja nalijua kulichora kuliko wao wote. Nilichora ramani za mashimo ya mgodi miaka kumi na miwili, na ramani haina mistari ya kubahatisha. Lakini mstari mmoja unasema: bega liko hapa. Mistari mitano inasema: bega hili lina pumzi. Angalia mtu aliye hai, Ndaya, mtazame hata akiwa amekaa kimya. Je, ana ukingo mmoja? Asiyetikisika hata kidogo tunamfunika shuka na kumwita padri. Nilichagua mistari yangu kwa akili timamu, na hadi leo naitetea.

Filamu yenyewe ni ya dakika nane. Inahusu lile ziwa la Nzilo, nyuma ya bwawa. Tangu maji yapande, watu wa mjini wanakwenda huko kutafuta samaki, na wengi hawajui kwamba chini ya maji ule msitu bado umesimama, mti kwa mti. Padri alitaka onyo. Mtu mwenye kofia anafika ufukweni, anasimama, anainua mkono wa kuume kuita mtumbwi, anapanda, na mtumbwi unagonga mti uliofichwa. Mwisho.

Pale anaposimama na mkono juu ni sekunde sita. Wenzangu wangechora mchoro mmoja, kamera ikaupiga hadi sekunde ziishe. Unapata maiti iliyosimama wima. Mimi nilichora mitatu ya mtu yuleyule katika mkao uleule, nikaipanga ifuatane: wa kwanza, wa pili, wa tatu, tena wa kwanza. Hafanyi kitu, lakini hatulii.

Tulionyesha Jumapili moja, katika ukumbi wa parokia kule Manika, baada ya misa ya pili. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, nje jua la saa sita likiwaka, na penye matundu ya mablanketi miale ilisimama hewani kama fito. Watu walijaa. Walicheka kofia, walicheka tumbo la mwenye mtumbwi. Kisha yule mtu akasimama na kuinua mkono.

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilizimika benchi kwa benchi, kutoka mbele kwenda nyuma, hadi nikasikia mashine peke yake. Mama Mianda, yule jirani yako wa zamani aliyekuuzia makaa, aliinuka taratibu. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayemweleza mwenzake sokoni:

"Uyu ni tata Kalenga. Eko mu mayi."

Yaani ni mume wako aliyetoweka, naye yumo majini. Ndaya, nilitazama shuka, na kwa mara ya kwanza niliona walichokiona wao. Ile mistari yangu inayotikisika ilimfanya aonekane kama mtu anayetazamwa kupitia maji. Filamu ilipokwisha watu walitoka kwa mlango wa nyuma, wakipanda juu ya mabenchi, ili wasipite mbele ya shuka. Padri akaniambia nimewagusa sana.

Nilibisha, bila shaka. Kwa juma zima nilibisha kwenye bomba la maji, kazini, hata mezani kwangu. Nilisema Mama Mianda kila kofia kwake ni Kalenga. Kisha nikaitoa michoro nikaiangalia kwa haki. Mguu wa kushoto umegeuka nje. Shingo imeinama kidogo kama ya mtu anayesubiri umalize kusema ndipo akucheke. Alikuwa yeye. Naapa mbele ya Mungu sikukusudia.

Watu walimlalamikia padri, naye akamkabidhi Badibanga michoro yote aisafishe. Nilikasirika hata sikumsalimu. Wewe wamjua Badibanga: haamini mizimu, na nadhani hata malaika anawaamini kwa heshima tu. Siku ya tatu alikuja mezani kwangu na karatasi tatu, bila kejeli. Nilimwuliza kama shati langu limemshinda kunyoosha. Hakucheka. Aliziweka juu ya kioo, akawasha taa.

"Tata Séraphin, mi nimesafisha bitu byote," aliniambia. "Kofia, miguu, bote. Lakini hapa pa mukono nashindwa kuchagua mustari. Hapa kuko mikono mbili. Wa pili ni wa nani?"

Nilimwambia ni mistari ya kutafuta tu. Akafuata mmoja kwa ncha ya kidole, kisha mwingine, polepole, kama anavyofanya kila siku. Kusafisha ni kuchagua, na anayechagua anaona kuliko aliyechora. Katikati ya mistari ya mkono wa Kalenga palikuwa na mkono mwingine uliotoka juu, umeushika wake. Katika karatasi ya kwanza vidole vimeshika. Katika ya pili vimelegea. Katika ya tatu havipo. Kisha, kama nilivyopanga mwenyewe, inarudi ya kwanza. Pale Manika, mbele ya watu mia mbili, mkono ule ulishika na kuachia mara nne kila sekunde, kwa sekunde sita.

Na gumbani, Ndaya, lile kovu. Lile ulilonipa wewe kwa kisu cha mihogo ukiwa na miaka mitano.

Badibanga alikiona kidole changu juu ya meza, akakiona kwenye karatasi. Alizima taa. Alisema atamwambia padri kwamba wino umekwisha, ili nipate siku chache. Huyo ndiye adui yangu wa ukurasa wa pili. Sitamjibu tena.

Sasa sikiliza, na kama umesimama, kaa.

Jumamosi ile ya Oktoba 1954, Kalenga hakuwa peke yake. Mimi nilituma habari kazini kwamba ninaumwa, nikamngoja njiani, tukaenda wote Nzilo kwa baiskeli yake, mimi nimekaa nyuma. Tulikuta mtumbwi umefungwa, mwenyewe hayupo, tukauchukua. Alitaka samaki wa kukuletea wewe, maana mlikuwa mmenuniana. Aliimba njia nzima. Tuligonga mti tukiwa tunarudi. Mtumbwi ulipinduka, mimi nikashika tawi kwa mkono wa kushoto, yeye nikamshika kwa wa kuume. Hakujua kuogelea. Tawi lilianza kulia. Nililisikia.

Unangoja niandike kwamba mkono wake uliteleza. Haukuteleza. Nilimwachia. Alikuwa akinitazama kupitia maji, na kwa muda fulani, sijui ni mrefu kiasi gani, bado nilikuwa naona kofia na uso, vinatikisika, havina ukingo.

Nilifika ufukweni. Baiskeli ilikuwa imeegemea jiwe. Nikawaza: wakiiona hapa watauliza alikuja na nani. Niliisukuma majini, nikarudi mjini kwa miguu kupitia porini.

Baiskeli haikuonekana, mwili haukuonekana, na watu wakaunganisha. Katika kikao cha ukoo, shemeji yako mkubwa Mbuyu alisema Kalenga amevuka mpaka, yuko Ndola na mwanamke, ameuza baiskeli. Wewe ulinitazama. Mimi, Ndaya, ninayebishana na padri kwa ajili ya nukta! Mimi ambaye sijaacha uwongo wa mtu yeyote upite mbele ya nyumba yangu bila kuutupia jiwe! Nilitikisa kichwa kukubali.

Kwa hiyo matanga hayakuwekwa. Miaka mitatu sasa unafagia ua wa wakwe zako, si mke, si mjane. Hukuruhusiwa kulia, kwa kuwa anayelia anamwua aliye hai. Hukuruhusiwa kuondoka, kwa kuwa mwenye mke atarudi. Watu wamekucheka kwamba ulishindwa kumtuliza mume. Hayo yote yalitoka katika kichwa changu kimoja kilichotikisika mara moja.

Sikuombi msamaha kwa barua. Msamaha wa karatasi ni rahisi mno, nami nimekwisha kuishi kwa karatasi. Kesho Jumatatu asubuhi nitakwenda ofisi ya wilaya kueleza haya kwa kinywa changu, na barua hii itakapokufikia watakuwa wameandika maelezo yangu na labda wamenishika. Valérie anajua tangu jana. Amenifulia shati.

Padri nimemwambia jambo moja tu: filamu ibaki ya kalamu, au ichomwe. Mtu akisafisha pale mkononi, atabaki Kalenga akiita mtumbwi, hadithi nzuri kwa watoto wa katekisimu. Nilichagua mistari ile kwa sababu niliamini inaonyesha kilicho hai. Sikukosea. Niliyekosea ni mimi niliyeishi miaka mitatu kwa mstari mmoja safi.

Msalimie mama mkwe wako. Kabla hujamsomea, mkalishe chini na umpe maji. Wasalimie watoto wa ua wote. Kitambaa kile, kama kilifika, kilikuwa cheusi. Nadhani Valérie alihisi kitu kabla sijamwambia.

Maneno ya mwisho si yako. Waite Mbuyu na Kisimba, wakae, uwasomee kwa sauti.

Mbuyu, na wewe Kisimba mdogo wake: ndugu yenu hayuko Ndola. Pandeni treni mje Nzilo kabla mvua hazijaanza, maana sasa maji yamepungua. Fuateni ufuo wa kusini hadi mwone mti mkavu uliogawanyika mara mbili kama manati ya watoto. Kutoka kwenye jiwe jeupe, hatua sita ndani. Chukueni fito ndefu yenye ndoano. Mtatoa baiskeli ambayo kifuniko chake cha mnyororo kina herufi K, iliyoandikwa kwa rangi nyekundu na mke wake mwenyewe. Mkiitoa, msiipeleke kwa fundi, msiifute hata tope. Ipelekeni Bukama kama ilivyo, iwekeni uani, mketi chini, mmlie mtu aliyekufa. Mkimaliza matanga, mnyoeni dada yangu nywele, tamkeni mbele ya watu kwamba ni mjane wa mtu mwaminifu, kisha mfungulieni lango aende anakotaka.

Mimi nilimnyang'anya kilio chake. Mrudishieni.

Ni mimi kaka yako, mwana wa mama,

Séraphin Mulumba