Muhuri Niliokupigia Mwezi wa Funga

Mama,

Wenzangu huenda makaburini kuwasalimia wazazi wao. Mimi sijui hata umelazwa upande gani wa Maka. Nakuandikia hapa ofisini, kwenye meza yangu ya chanjo ya wasafiri, ileile uliyoketi mbele yake Ramadhani ya mwaka jana na kadi yako ya njano mkononi.

Tangu ufe hakuna kilichonyooka. Vita vya kaskazini vimesogea, wakimbizi wamejaa pembeni mwa mji, na Baba amezeeka ghafla. Pale kwetu Rwezamenyo majirani wanakuita Hajati, na wewe hupo kuitika. Mama Shabani, uliyesafiri naye, alitusimulia. Homa ilikushika baada ya Arafa, shingo ikakaza, siku ya tatu sauti ikapotea. Homa ya uti wa mgongo, walisema madaktari wa kule. Akaongeza, maskini, ili kunifariji: "Na chanjo alipata, lakini siku ikifika imefika." Niliinuka nikaenda jikoni kujifanya naangalia moto.

Hukupata, Mama. Wewe na mimi tunajua.

Karatasi za viza zilitakiwa haraka, na kadi isiyo na muhuri hawaipokei. Nilipochukua sindano uliurudisha mkono wako ndani ya mtandio. "Mwanangu, nimefunga. Piga muhuri, kuchoma utanichoma nyuma ya Idi." Nikacheka, nikapiga. Ulipokwisha kuzikwa ndipo nilipomuuliza ustadhi wa msikiti wetu, akaniambia sindano ya kinga haiharibu funga. Lilikuwa swali la dakika moja tu.

Idi ikapita, ukaunganisha na funga sita za Shawali. Halafu dawa ikaisha, maana tangu vita huja kwa kusuasua. Boksi jipya lilipofika zilibaki wiki mbili usafiri. Nyumba ilikuwa imejaa watu waliokuja kuagana nawe, nawe unawaomba radhi mmoja mmoja. Niliona haya kukuvuta chumbani na sindano yangu. Leo haya, kesho nimechoka, kesho kutwa wageni tena. Mwishowe nikajiambia, si kadi anayo? Niliuamini muhuri wangu mwenyewe, Mama, mimi niliyejua ni wa uongo.

Kinachoniua zaidi ni sanduku. Asubuhi ya safari nililimwaga lote kitandani, nikazikuta sambaza, vidagaa vikavu vya ziwa letu, ulizozifunga ndani ya kitenge. Nikazitoa, nikakuhutubia kama kawaida yangu: forodha ya kule haitaki samaki wala nyama, usibebe kifurushi cha mtu usiyemjua, maji ya kunywa yachemshwe, usikae juani. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Wewe mwana umekuwa duwanye kushinda wale wa forodha mpakani! Hata sambaza iko magendo?" Kwa vidagaa nilikuwa mkali. Kwa roho yako nikalegea.

Sanduku lilirudi bila wewe. Uwanja wa ndege waliniita nisaini kwa kuwa mwenye pasipoti hayupo. Yule bwana wa forodha akauliza kama anavyowauliza wote, "Iko kitu ya kudeklare?" Nikasema hakuna. Akafungua. Dumu la Zamzam, tende, kanzu mpya ya Baba, na kadi ya njano yenye sahihi yangu.

Kadi hiyo Baba ameiweka ndani ya msahafu. Wageni wa tanzia wakija huwaonyesha: "Binti yake mwenyewe ndiye alimchanja." Kila akisema hivyo natamani ardhi inimeze.

Jana alikuja hapa ofisini. Anataka kwenda mwaka huu, akatafute ulipolazwa. Alikuwa amefunga, midomo imemkauka. Nilipoipokea kadi yake, akaufunika muhuri wangu kwa kiganja na kupandisha mkono wa kanzu, ileile uliyomnunulia. "Unichome kwanza. Muhuri iko nyuma."

Kumbe ulimwambia. Kumbe mwaka mzima alikuwa anajua, na ile kadi alikuwa akiwaonyesha watu ili kunisitiri. Nilimchoma, yeye akitazama ukutani. Kisha nikapiga muhuri. Akasema ahsante, kama anavyosema mtu yeyote wa kwenye foleni, akaondoka. Hakusema amenisamehe. Na mimi mdomo wa kuomba sikuwa nao.

Siku ile ya kuagana, na mimi pia uliniomba radhi, unakumbuka? Mlangoni, umeshika tasbihi. Nikakujibu, "Nimekusamehe, Mama," kana kwamba wewe ndiye mkosaji. Ya kwangu sikuomba. Nilidhani utarudi.

Kwaheri, mama yangu. Sitapiga tena muhuri kabla ya sindano, hata mtu alie, hata awe nani. Watu wameanza kuniita mwenye roho ngumu, waniite tu. Na Baba nitamwambia kwa mdomo wangu kabla hajapanda ndege, ingawa anajua na ingawa haitakurudisha. Akilipata kaburi lako atakusomea Fatiha na kukupa habari za nyumbani. Salamu zangu sitampa azibebe. Sijui kama ungezipokea.

Mwanao,
Zaina