Jedwali la Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi

Nukta ametapika asubuhi kwenye mkeka. Mara mbili. Ana miaka minne, na anatapika huku akiomba msamaha. "Samahani, mamdogo" — halafu tena. Dada anasema ni sherehe ya juzi ya shule yao, watoto thelathini na sinia moja. Nimesugua mkeka kwa dawa mpaka vidole vimenichubuka. Harufu bado iko puani.

Nyumba hii haikujengwa kwa watu watano. Dada, mumewe na Nukta wamekuja kukaa wiki mbili, mpaka paa lao limalizwe kuezekwa. Wanalala sebuleni. Mimi nina chumba changu, Mama chake. Choo kiko uani, na njia ya kwenda uani ni moja tu: unakatiza sebule, unaruka magodoro. Tangu wafike, Mama anaamka kabla ya wote ili apite mkwewe akiwa bado amejifunika shuka. Akirudi anajifungia na cherehani yake. Pedali ikianza kulia, hiyo ndiyo salamu yake ya asubuhi.

Miaka sita Shemeji yuko kwenye familia hii na Mama hajawahi kula mbele yake. Akitaka kumwambia kitu ananituma mimi. "Mwambie Baba Nukta chai iko tayari." Na Baba Nukta amekaa hatua tatu kutoka hapo, amesikia!

Jumanne, 4 Machi

Dada ameanza alfajiri. Shemeji saa nne. Yeye amelazwa na homa juu, ila mdomo wake hauna homa. Kila mtu akikimbilia uani anatangaza kama yuko redioni: "Anatoka kwa kasi — anampita beki — goooli! La tano hilo, mama Nukta, leo unachukua kombe!" Dada anarusha kandambili kutoka uani. Hata Nukta amecheka, kwa mara ya kwanza tangu jana. Nyuma ya mlango wake Mama pia alicheka. Nilimsikia.

Nimempigia simu bosi wa maabara kuomba ruhusa. Hakunipa hata nafasi ya kujieleza. Kaa huko huko, usituletee. Kazi yangu kule ni kupima udongo: unapima uzito wake mbichi, unaukausha kwenye oveni, unapima tena. Kilichopungua ni maji. Namba haibishani na mtu. Ninaipenda kazi hiyo kuliko ninavyomwambia mtu yeyote.

Kwa hiyo nimechora jedwali. Nimelibandika kwenye mlango wa uani, pale sebuleni, kila mtu alione. Majina matano. Safu tatu: vikombe vya maji ya chumvi na sukari, kutapika, choo. Kalamu inaning'inia kwa uzi. Dada: "Profesa, utatupa na ripoti mwisho wa muhula?" Shemeji ameomba wino mwekundu wa magoli yake.

Mama alitoka kuchukua maji akasimama kulisoma. Muda mrefu, kwa mtu anayesoma majina matano.

"Na mimi umeniandika?"

"Wote, Mama. Hata mimi nimo."

Akarudi chumbani.

Jumatano, 5 Machi

Zamu ya Mama. Ukuta wetu ni mwembamba. Nilisikia anajikakamua, halafu kimya, halafu maji yanamiminwa taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. Nikaingia. Amekaa kitandani, khanga imefungwa vizuri, uso kama karatasi.

"Nyongo tu. Nenda kamwangalie Nukta."

Nimempelekea vikombe sita leo. Kila nikirudi, kikombe kitupu. Choo? "Hapana." Kabisa? "Mwanangu, unataka nikutengenezee?" Nimeandika: Mama — vikombe 6, kutapika 1, choo 0.

Nukta amekula uji na haukurudi. Dada ameoga mwenyewe. Jioni nimesimama mbele ya jedwali na — niseme ukweli hapa, hakuna mwingine wa kuambiwa — nimejisikia fahari. Namba zinashuka. Mimi ndiye niliyezishusha.

Kitu kimoja. Cherehani haijalia leo. Nilipomuuliza akasema uzi umeisha. Lakini visanduku vya uzi vinne vimepangwa dirishani.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi Mama alikuwa amelala, midomo imepasuka. Mtu anywe vikombe sita halafu midomo ipasuke? Nikapiga magoti kuokota kandambili zake chini ya cherehani. Pale kuna robota la kitambaa cheusi, la sare za shule. Nikaona doa. Jeupe, limekauka, lina ukingo kama ramani ya ziwa. Nikavuta kitambaa. Doa lingine, na chini yake jingine, bichi, linanata. Sikuhitaji kuonja. Chumvi ikiachwa na maji yake naijua. Kazini naikwangua kila wiki.

Vikombe vyangu sita. Vyote viko pale.

Nikamwamsha. Hakukana. Alinitazama kama mimi ndiye niliyekamatwa.

"Nikinywa nitatoka," akasema. "Nikitoka nitapita. Nipite vipi mbele ya mkwe wangu, nimejishika tumbo, naye anahesabu?"

"Hawezi kukuhesabu wewe, Mama! Anatutania sisi."

"Wewe umenihesabu. Umeniandika mlangoni."

Nikainama kuchungulia uvunguni.

Na tangu jana tumbo linamwendesha. Amekuwa akitumia vitambaa, anavifunga kwenye mfuko, mfuko uvunguni. Nikasema nitaleta ndoo. "Na ndoo utaipitishia wapi? Dirishani?" Dirisha lina nondo. Nikasema nitaifunika. "Ndoo iliyofunikwa kila mtu anajua ina nini."

Nikamwendea Dada: mhamishe mumeo, alale chumbani kwangu. Dada hakujua lolote, akaja juu. "Ana homa, hajalala siku mbili, unamhamisha-hamisha kama kabati?" Kabla sijamweleza, sauti ikatoka ndani, nyembamba lakini ile ile ya zamani: "Mkimwondoa mkwe wangu alipolala kwa ajili yangu, mimi naondoka humu ndani." Shemeji alisikia. Wote tulisikia. Aliinuka, ameshika ukuta, akaenda mwenyewe chumbani kwangu. Hakuna aliyetangaza goli leo.

Nimelichana jedwali. Mama kaona vipande mkononi mwangu, akafumba macho. Amekubali vijiko vitatu. Vimerudi. Vitatu vingine. Vimerudi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemfinya ngozi ya mkono, juu ya kiganja. Ikabaki imesimama, kama kitambaa kilichopigwa pasi vibaya. Hajakojoa tangu jana mchana. Misuli ya miguu inamkaza, analia bila machozi. Vidole vya baridi.

Muuguzi wa zahanati kwenye simu: Ana umri gani? Hamsini na tisa. Anajibu ukimwita? Kidogo. "Basi usimwogeshe, usimpikie, mlete. Sasa hivi."

Teksi imefika saa tatu na robo, imesimama barabarani. Uchochoro wetu hauingii gari. Ni mwendo wa kama nyumba kumi na tano, na ngazi. Dereva hataki kuja kumbeba, amesikia ni tumbo. Jirani wa kushoto amechungulia, akafunga dirisha. Mimi na Dada tumejaribu: mimi mabega, yeye miguu. Dada akaanguka kwa magoti kando ya kitanda, hana nguvu hata ya kujibeba mwenyewe. Mama ni mwanamke mkubwa. Niliwahi kujivunia hilo.

Shemeji amekuja hadi kwenye pazia. Ameoga, amevaa shati la kutokea, vifungo vyote mpaka shingoni. Amegeuka, ametupa mgongo. "Shemeji, homa imeshuka. Naweza kumbeba. Mwambie Mama nitafumba macho, wewe utaniongoza."

Nikamwambia. Alikuwa amesikia, lakini nikamwambia, kwa sababu ndivyo wanavyoongea wale.

Mama akataka khanga ile ya kijani. Nikamfunga. Akataka kitambaa cha kichwa. Nikamfunga. Kisha akasema, pole pole, neno moja moja:

"Asiingie. Mpaka. Niseme."

Nikampelekea Shemeji. Akaitikia, "Ndiyo, Mama," kwa mgongo wake.

Tunasubiri aseme. Naandika nikiwa sakafuni, kichwa changu karibu na mdomo wake, ili hata akinong'ona nisikie. Mkono usipoandika utamkosea adabu, utavuta pazia kabla hajasema.

Honi. Mara ya pili.

Macho yake yako wazi nusu. Nimemwita, "Mama, aingie?" Midomo imesogea. Haikutoa kitu. Nimemwita tena. Haikusogea.

Shemeji hajatikisika pale mlangoni. Jasho limemlowesha shati mgongoni. Akiambiwa asubiri mpaka jioni atasubiri, namjua. Dada amekaa chini na Nukta mapajani, ananitazama mimi tu.

Honi tena. Shemeji anauliza kwa sauti ya chini, bila kugeuka:

"Shemeji, amesema?"

Hajasema. Ninafunga daftari, ninamwambia amesema.