Barafu ya Maabara ya Mtawanya

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwanamina Mfaume Ngwele
Umri: Miaka 41
Kabila na dini: Mndengereko, Muislamu
Kazi: Mtunza maabara
Makazi: Mtawanya, Kibiti

Mnamo tarehe 12 Machi 2025, saa kumi alasiri, nilikuwa maabara ya Mwangaza Korosho pamoja na Rukaiya Ridhiwani, mtafiti wetu, ambaye sasa yuko mahabusu hapa kwa tuhuma za kutengeneza bomu. Afande, si bomu. Jana nilikuja kusema hivyo, nikaambiwa nirudi leo. Safari hii naomba neno langu liandikwe.

Rukaiya alikuwa anapachika oksijeni kwenye mafuta ya maganda ya korosho, pale ambapo kaboni zimeshikana kwa bondi mbili, ili yawe malighafi ya gundi. Oksijeni inatoka kwenye peroksaidi, ile dawa ya saluni ya kupaushia nywele, ila ya kwetu ni kali zaidi. Anatia kichocheo kidogo, halafu peroksaidi anaidondosha tone tone, chupa ikiwa kwenye beseni la barafu, maana mchanganyiko unapata moto wenyewe. Barafu ikikosekana, unafura.

Barafu ya beseni ilipoanza kuyeyuka akaniambia, "Dada Mwanamina, niletee mifuko ya akiba." Nikafungua friza. Tupu! Na asubuhi niliiweka kwa mikono yangu. Nikarudi mbio. Rukaiya alishafunga peroksaidi, lakini wapi! Povu likamwagika, chupa ikapasuka, mkono wake wa kulia ukaungua. Waliokuwa barabarani wakasikia mlio, wakapiga kelele, "Bomu!"

Mlinzi wetu ni Abdulkarimu Shaabani, mume wangu wa ndoa. Ndiye aliyewaambia askari kwamba alimwona Rukaiya akiunda bomu.

Jioni nyumbani nikakuta juisi ya ukwaju ya futari ina barafu. Sisi hatuna friji. Nyuma ya jiko nikaikuta mifuko, ina mwandiko wangu: MAABARA, USINYWE. Nikamuuliza. Akasema, "Mke wangu, barafu si maji tu?" Nikamwambia akaseme kituoni. Akasema atafukuzwa kazi, ninyamaze, yule mtafiti ni mgeni hapa, atajua mwenyewe.

Barafu ningemsamehe, hakujua. Lakini kumwacha mtoto wa watu alale sakafuni na mkono wa bandeji kwa uongo wake! Nimekereka, afande. Mifuko hii hapa.

Niliyonayo ndiyo hayo. Nimesomewa, na sibadilishi neno.

Sahihi: Mwanamina M. Ngwele

Yameandikwa nami, Koplo Zawadi Mtupa, tarehe 14 Machi 2025, saa nne asubuhi. Mifuko ya plastiki imepokelewa kama kielelezo. Nilimuuliza shahidi mumewe anapatikana wapi. Alijibu kwamba yuko nje kwenye pikipiki, anamsubiri amrudishe nyumbani, akidhani amekuja kumletea Rukaiya dawa ya kidonda. Ameitwa ndani.