Tumebaki Wawili Mchezoni

Masasi, 12 Julai 2008

Mpenzi Nurdin,

Hujambo huko Newala? Huku mikorosho imeanza kuchanua.

Jana niliingia tena kwenye mchezo wetu wa mtandaoni. Unakwama kila hatua, na waliouunda hawautengenezi tena. Kijiji tulichokijenga humo kwa miaka minne ni kitupu. Petro, mwenzetu wa mwisho, naye ameacha. "Dada Veridiana, unang'ang'ania nini humo?" aliniuliza. Nilicheka tu. Ndimo tulimojuana, wala hatuna pengine pa kukaa pamoja.

Baba ameletewa posa yangu kutoka Ndanda. Nilimwambia nina wangu, Mwislamu wa Newala. Leo asubuhi akasema, "Basi aje, nimwone sura."

Njoo, Nurdin. Hata mimi sijawahi kuiona.

Wako,
Veridiana